Mwigizaji na Sauti ya Mwenzake

Hakutoka nje bila miwani myeusi, hata kama anakwenda kununua maziwa tu pale chini ya jengo. Iwe mvua, iwe theluji, iwe Desemba saa tisa alasiri na giza limeshaingia, miwani ilikuwa usoni. "Watanisumbua," alisema. Nilimhudumia miaka saba na sikuona mtu hata mmoja aliyemsumbua. Mara moja tu, tumekaa kwenye treni kutoka Tensta, mtaa alioishi pembezoni mwa Stockholm, kwenda mjini, bwana mmoja alisimama mbele yake akamkodolea macho. Bibi akavua miwani taratibu, akamgeuzia shavu la kushoto, maana alisema hilo ndilo zuri. Yule bwana akauliza kwa Kiswidi kama anaweza kuondoa mkoba wake kwenye kiti ili akae. Nikamtafsiria. Akaondoa mkoba, akarudisha miwani.

Sisi wa hemtjänst, yaani wahudumu tunaozungukia wazee majumbani mwao, tulimwita Bibi Mwigizaji. Usoni nilimwita Mama, kwanza shikamoo, ndipo mengine. Aliitikia "marahaba" kwa kuinua kidevu, na siku nikisahau kumwamkia hakunywa dawa mpaka nimerudi mlangoni nikaingia upya. Alikuwa ameigiza filamu nyingi sana huko India ya kusini, leo akisema sitini, kesho themanini. Baadaye akaolewa na daktari wa macho aliyepata kazi Tanga, wakaishi huko hadi nywele zikaota mvi. Mume alipokufa, mtoto wao wa pekee, injinia wa mitambo ya simu hapa Stockholm, akamchukua. Ofisini kwetu waliona neno Kiswahili kwenye fomu yake wakanitafuta mimi, mtoto wa Tanga, nikaonekana nimeletwa na Mungu.

Kiswahili chake alikipata jikoni na sokoni, kwa hiyo kilikuwa cha amri tupu. Lete. Funika. Ngoja. Si hivyo, wewe! Siku ya kwanza nilimwambia kwa furaha kwamba nimekua nikitazama filamu za Kihindi, kama watoto wote wa mtaani kwetu. Aliniangalia kama mtu aliyemwagiwa chai.

"Hizo za Bombay," akasema. "Za kwetu nyinyi hamkuletewa."

Na kweli hatukuletewa. Sikuwahi kumwona kwenye pazia la sinema hata mara moja, na nadhani hilo ndilo lililomfanya anikubali, maana nilimwamini bila ushahidi.

Kabla ya kuingia jikoni aliinama, akagusa sakafu kwa vidole, kisha akagusa macho yake. Ndivyo walivyofanya kabla ya kukanyaga mahali pa kupigia picha, na yeye hakuona tofauti kati ya studio na jiko lenye sahani mbili za umeme. Kiti chake kilihama na jua. Asubuhi kilikuwa karibu na kabati, mchana katikati ya sebule, alasiri dirishani, na popote kilipokuwa, mwanga ulimpata shavuni. Majira ya baridi, jua likikataa kabisa, aliwasha taa ya mezani akaielekeza ukutani, kwa sababu mwanga wa moja kwa moja, alisema, ni wa polisi na wa madaktari wa meno. Aliweza kulia kwa jicho moja. Nilimbishia, akaniambia nichague jicho. Nikachagua la kulia. Dakika moja haikupita, chozi likatoka la kulia, la kushoto kavu kabisa, kisha akaniagiza nikaangalie wali usiungue.

Nisimpambe kupita kiasi. Alikuwa na kiburi, na kuna siku alinichosha roho. Aliwadharau majirani zake Wasomali, lakini sambusa zao akala. Mwanawe alipompigia simu alikata mwenyewe kwanza, ili isionekane yeye ndiye aliyeachwa. Alinifokea mbele ya bosi wangu kwamba nakunja nguo kama mtu anayekimbia moto. Halafu mama yangu alipofariki nyumbani nami nikakosa nauli ya kuwahi mazishi, alifunga pazia, akanikalisha kwenye kile kiti chake, kwenye mwanga, na yeye akakaa sakafuni miguuni pangu mpaka muda wangu wa kazi ukaisha. Nilipoondoka alinikumbusha kwamba vyombo sijaosha.

Kitu cha ajabu kuliko vyote kilikuwa mdomo wake. Ukisema naye, mdomo wake ulifuata wako, kimya, neno kwa neno. Nilipompeleka kwa daktari na kumsemea kwa Kiswidi, lugha ambayo hakujua zaidi ya asante, yeye aligeuka kumtazama daktari, akachezesha midomo na mikono huku mimi nyuma yake nikieleza habari za goti. Daktari mgeni ungemdanganya kabisa kwamba ni bibi ndiye anayesema. Daktari wetu alicheka mpaka akavua miwani. Tukiwa kwenye basi la kurudi nilimuuliza kwa nini anafanya vile.

"Kazi," akasema. "Mwenzako wa Madras alikuwa na sauti nzuri kuliko yako, lakini wewe unaenda na wakati."

Ndipo nikaipata habari ya mwenzangu wa Madras. Kumbe katika filamu zake zote zile, sitini au themanini, sauti haikuwa yake. Alitoka sehemu yenye lugha nyingine, na Kitamil chake, lugha ya filamu za Madras, walimwambia watayarishaji, kilikuwa na harufu ya kwao. Pia sauti ilikuwa nzito kwa msichana mwenye uso kama ule. Kwa hiyo yeye alilia, akacheka, akabembeleza mbele ya kamera, na baadaye mwanamke mwingine aliingia kwenye chumba cha giza akatia sauti. Jambo la kawaida kwao, alisema, waigizaji wengi walifanyiwa hivyo. Watu wakimkuta barabarani walimwomba aseme kidogo. Akisema, nyuso zinaporomoka, ndiyo maana akajifunza kutabasamu tu na kupunga mkono. Nchi nzima ilimpenda, na hakuna aliyewahi kumsikia.

Alimchukia yule mwanamke maisha yake yote, na kila mwaka siku ya kuzaliwa ya yule mwanamke aliwasha taa ndogo ya mafuta na kumwombea. Walikutana mara moja tu, kwenye ngazi za studio. Mwenzake alikuwa mfupi, kakumbatia chupa ya maji ya moto, shingo kaizungushia shali kwa kuogopa mafua.

"Akaniamkia kwa heshima kabisa," Bibi alinisimulia. "Kwa sauti yangu! Mimi nikamwitikia kwa kichwa. Ningesema nini? Sauti alikuwa nayo yeye."

Filamu moja ndiyo iliyompa usingizi na kumnyima usingizi. Mwenzake aliugua koo, pesa za mtayarishaji zimekwisha, ikabidi Bibi atie sauti mwenyewe. Aliigiza mjane anayemlilia mumewe mbele ya wakwe wasiomtaka. Filamu ilionyeshwa siku chache ikaondolewa. Wengine walimwambia imeanguka kwa sababu ya hadithi mbaya, wengine kwa sababu ya mvua. Hakuna aliyemtajia sauti, na hapo ndipo mwiba ulipobaki. Alitaka kuisikia ile filamu mara moja tu kabla hajafa, ajue kama wale watayarishaji walikuwa na haki.

"Kama sauti ilikuwa mbaya, basi, nitanyamaza," aliniambia. "Lakini nisikie mwenyewe."

Maneno ya ule msiba aliyakumbuka yote. Kila Alhamisi, siku ya kunyoosha nguo, mimi na pasi, yeye na maharage ya kuchambua, aliyasema kuanzia mwanzo hadi mwisho kwa Kitamil, na kwenye sehemu moja aligonga bangili kwenye sinia, kwa sababu ndipo mjane anapovunjiwa bangili zake, kama desturi ya kwao. Sikuelewa neno, lakini mara mbili nilichoma kola ya shati.

Tuliitafuta filamu hiyo kama watu waliopoteza pasi ya kusafiria. Mwanawe aliandika barua India. Mimi niliingia kila duka la Kihindi mjini lenye kanda, baadaye lenye sidii. Jibu lililotufikia lilitoka kwa mzee mmoja aliyewahi kuwa fundi wa maabara ya filamu. Aliandika kwamba filamu zilizoanguka hazikutunzwa, ziliuzwa kwa kilo, zikachujwa madini ya fedha yaliyomo, na utepe wenyewe ukatengenezewa bangili za plastiki. Mwanawe alisita kumsomea. Alipomsomea, Bibi alinyoosha mkono wake wenye bangili nne za rangi ya kahawia, akazitikisa karibu na sikio.

"Labda ni hizi," akasema, akacheka peke yake.

Sasa naja kwenye kosa langu, na sitalizungusha. Chama chetu cha akina mama, Wakongo, Watanzania, Wakenya kidogo na Warundi, kilikuwa na sherehe kila mwaka kwenye ukumbi wa pale Tensta, na kila mwaka tulimtukuza mzee mmoja. Nikapendekeza Bibi Mwigizaji. Niliona kwamba kama filamu haipo, basi apewe watu na kipaza sauti, aseme maneno yake kwa sauti yake, na sisi tumrekodi kwa video. Nilimweleza yeye mwenyewe, akajifanya hakusikia, halafu wiki nzima hakunywa maziwa ya baridi, kulinda koo. Mwanawe alinipigia.

"Usimpe matumaini, dada," akasema. "Mimi nimeshachoka kumwokota."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nitaandaa kila kitu. Nikaandaa. Nilichukua picha yake kubwa ya ujana, ile ya shavu la kushoto, nikaiweka kwenye meza ya mbele. Bibi yangu mzaa mama, kule Tanga, alikuwa akitunga asumini kwa sindano na uzi, shada la mgeni wa heshima, la bi harusi, la anayetoka Hija. Asumini Stockholm sikuipata, nikanunua maua meupe dukani nikayatunga usiku kucha, shada refu zuri, nikalivisha picha. Na kwa kuwa ni Novemba na Waswidi wamenifundisha kupenda mishumaa, nikawasha miwili, mmoja kila upande.

Bibi aliingia na mwanawe. Alivaa sari ya rangi ya zambarau na hakuvaa miwani. Akatembea katikati ya viti, akinamama wanapiga vigelegele, kisha akaiona meza. Akasimama. Mwanawe alishika paji la uso kama mtu aliyepigwa jiwe.

"Nimekufa lini, binti?" akaniuliza. "Mbona hamkuniambia?"

Akinamama walicheka, wakidhani ni utani wa mwigizaji. Mwanawe ndiye aliyeninong'oneza kwamba kwao aliye hai huvishwa shada shingoni mwake, na picha ikivishwa shada, mwenye picha huwa ameshakufa. Nilitamani sakafu inimeze. Nikakimbilia meza nilitoe, lakini Bibi alinizuia kwa mkono.

Aliinama, akagusa sakafu, akagusa macho. Akakaa chini mbele ya picha yake mwenyewe, akaanza. Yalikuwa maneno yale ya Alhamisi, lakini Alhamisi alikuwa akiyasema tu. Sauti ilikuwa nzito kweli, kama ya mwanamume mgonjwa, na ilikwaruza, na ilipopanda ilipasuka katikati, akaiacha ipasuke. Mjane alimlilia marehemu, na marehemu alikuwa yeye, msichana wa kwenye picha mwenye shada langu. Alipofika kwenye bangili hakuwa na sinia, akazigonga kwenye mguu wa meza, mbili zikavunjika. Ukumbi mzima ulilia. Mama mmoja Mkongo, rafiki yangu wa kazini niliyemkabidhi kamera ya video, alinishika bega akiwa analowa machozi.

"Ule mama analia kweli ao anacheza tu?" akaniuliza.

"Sijui," nikamwambia. Mpaka leo sijui.

Garini, mwanawe akiendesha, Bibi alikuwa amechoka na macho yanang'aa.

"Nimejililia mwenyewe," akasema. "Nani angenililia huku?" Halafu akauliza kwa hamu ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Mmenirekodi?"

"Ndiyo, Mama," nikasema.

Niliamini hivyo. Kesho yake rafiki yangu alikuja na ile kanda, hawezi kuniangalia. Ilikuwa imejaa ngoma za watoto, na iliishia pale mtoto wa mwisho anaposhuka jukwaani. Hakuna aliyeangalia kama imebaki nafasi. Rafiki yangu alishika ile kamera msiba wote kama aliyeshika sahani tupu.

Alhamisi Bibi alikuwa ameketi mbele ya televisheni, nywele zimepakwa mafuta, anasubiri kanda. Hapo ndipo nilipaswa kusema ukweli. Nikasema bado inasafishwa. Alhamisi iliyofuata nikasema fundi anaumwa. Mwanzoni aliuliza, "Sauti imetoka vizuri?" Nami nikasema imetoka vizuri sana, Mama. Baadaye akaacha kuuliza. Aliniangalia tu na mdomo wake ukafuata uongo wangu, neno kwa neno. Majira ya kuchipua akapata kiharusi. Watu wazima tunaelewa kwamba maua hayamuui mtu, na mimi naelewa. Lakini nilipoingia wodini nikamkuta mdomo umepinda upande wa kushoto, upande wake mzuri, nilisahau kumwamkia, nikatoka nje, nikaingia upya.

Hakurudi Tensta. Walimpa chumba kwenye nyumba ya wazee Rågsved, upande wa pili wa jiji, akawa si kazi yangu tena. Nilimtembelea, mwanzoni kila wiki, kisha kila nilipoweza, na baadaye, niseme ukweli, kila nilipoona haya. Kila safari alipungua kidogo. Kiingereza chake kidogo kilimtoka kwanza. Lugha ya kwao alikuwa nayo, lakini mwanawe alikuwa amehamishiwa kazi nchi nyingine na wahudumu hawakuielewa, waliandika tu kwamba bibi anapiga kelele. Kiswahili kilimjia akiniona mimi, vipande vipande.

Miaka ikaenda. Watu wakaanza kuweka kila kitu kwenye mtandao, hata takataka za zamani, na siku moja mwanawe akanipigia kutoka huko aliko.

"Nimeiona," akasema. "Ile filamu. Mtu kaiweka."

Nilipiga kelele jikoni kwangu. Akaniacha nimalize.

"Siyo yenyewe, dada. Waliwahi kuiuza kwenye jimbo jingine, wakaitia lugha ya huko. Nakala hiyo ndiyo iliyobaki. Uso ni wake, sauti ni ya mtu mwingine." Akaongeza, "Mimi siwezi kukaa naye nikaitazama. Nenda wewe."

Nikaenda Jumapili, na kompyuta ya kubeba mkononi kwenye mfuko wa plastiki. Njia nzima nilikuwa nimeshapanga. Ningeweka filamu, ningezima sauti kabisa. Uso upo, maneno anayo moyoni miaka hamsini, akiona mdomo wake unasogea atayasema mwenyewe, nami nitamrekodi kwa simu. Safari hii nilikuwa nimeijaza umeme, nimeijaribu mara tatu. Nilitaka nimlipe ile kanda. Nilitaka siku moja niseme "ndiyo, Mama" na iwe kweli.

Alikuwa kwenye kiti mbali na dirisha, wamemkalisha tu walivyoona wao. Nikamwamkia. Akainua kidevu. Nikasogeza kiti chake kwenye mwanga kidogo uliokuwepo, nikamwekea kompyuta mapajani, nikaanzisha simu, nikafungua pale kwenye msiba.

Msichana akatokea, katika picha nyeusi na nyeupe, mzuri kupita ile ya ukumbini. Akakaa chini mbele ya maiti. Mdomo ukafunguka, ukasema, ukalia, bila sauti yoyote. Chumba kilikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia kikombe kikiwekwa chumba cha pili. Nilimtazama Bibi usoni. Alikuwa anatazama kwa makini kweli, mwili wote umeinama mbele, na midomo yake imetulia. Miaka yote ile nilikuwa sijaiona imetulia.

"Sema, Mama," nikamwambia. "Ni wewe."

Msichana alipigwa mikono, bangili zikavunjwa. Bibi akatikisa kichwa kwa huruma.

"Maskini," akasema kwa Kiswahili. "Analia vizuri. Nani huyu?"

Nikamwinulia kompyuta karibu na macho.

"Mbona hana sauti?" Akaigusa kompyuta kwa kidole, akakunja uso, akanigeukia na ile amri yake ya zamani. "Lete sauti!"

Nikasema, Mama, ngoja kidogo. Akasema hapana, lete, lete, akaanza kupiga sehemu ya mkono wa kiti, machozi yanamlenga macho yote mawili. Nikafungua sauti. Mwanamke nisiyemjua akaingia chumbani akilia kwa lugha nisiyoijua, sauti nyororo, nyembamba, tamu, inayokaa kwenye ule uso bila kosa.

Bibi aliegemea nyuma. Mikono yake ikalegea, uso ukafunguka, na kwa mara ya kwanza tangu kiharusi nikaona ameridhika.

"Haya," akasema. "Hiyo ndiyo yake."

Simu yangu ilikuwa imerekodi kila kitu, tangu mwanzo. Tulitazama mpaka ukaandikwa mwisho, akaniambia nirudishe nyuma, nikarudisha.